Mzee Katuni na Nyuso za Marehemu

Watoto wa Nchiru, mji wetu wa chuo huko Meru, walimwita Mzee Katuni, ingawa hakuwa mzee. Alikuwa na umri wa baba mdogo: si mkubwa kiasi cha kuachiwa kiti, si mdogo kiasi cha kuitwa kwa jina. Jina lake ninalo, lakini sitaliandika. Kuna wakati lilikuwa halitajwi nyumbani kwetu, na sasa linapoweza kutajwa tena naona si langu la kueneza.

Nilimjua kwa sababu ya ukuta. Chumba changu cha kupanga na chumba chake cha kazi vilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo, na ukuta uliotutenganisha ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nilijua anapokohoa na anapocheka peke yake. Mimi nilikuwa nikisoma kompyuta chuoni. Yeye alikuwa amefunika dirisha kwa blanketi jeusi ili jua lisimharibie rangi, na ndani ya giza hilo, mchana kutwa, alikuwa akichora picha na kuzifanya zitembee.

Nilipomuuliza anafanya kazi gani, hivyo ndivyo alivyonijibu. "Nafanya vitu vitembee." Nikamwambia hata mtu wa boda hufanya vitu vitembee. Akafikiri kidogo. "Lakini yeye ana injini," akasema.

Ukishaujua mkono wake uliuona kila mahali. Kadi za mwaliko wa mahari zilizofika kwenye simu, mbuzi wakipanda mlima kwa mstari hadi nyumbani kwa msichana, wa mwisho akisita na kurudi nyuma, zilikuwa zake. Tangazo la ushirika wa maziwa, lenye ng'ombe anayegeuza kichwa na kukonyeza jicho, lilikuwa lake, hadi mwenyekiti wa ushirika alipokuja mwenyewe kuomba jicho litulizwe. Nilimsikia kupitia ukuta. "Ng'ombe wetu ni wa heshima. Hakonyezi wanachama." Mawingu yaliyopita nyuma ya kwaya, kwenye skrini ya kanisa moja kubwa, alikuwa ameyachora yeye pia. Mama mmoja alipata kizunguzungu katikati ya ibada, na mchungaji akapiga simu. Mzee Katuni aliyapunguza mwendo, kisha akaenda Jumapili iliyofuata, akakaa nyuma kabisa, si kusali, bali kumtazama yule mama kama bado anashika kiti.

Alitoka upande wa Embu, na Kimeru chake kiliwafurahisha akina mama wa vioski. "Wewe wa Embu, unaongea ni kama umeweka kiazi moto mdomoni," mama wa chapati alimwambia.

"Ni chapati yako, mama. Bado ni mbichi."

Kompyuta ilipokuwa ikikusanya picha zote kuwa filamu moja, kazi iliyochukua saa nyingi kwa sababu mashine ilikuwa imechoka, alisema "inaiva". Wakati huohuo aliinjika githeri, mahindi na maharagwe, kwenye jiko la gesi, akaviweka viwili hivyo vishindane. Githeri ilishinda karibu kila mara. Alikula akitazama skrini kama mtu anayemsubiri mgeni aliyechelewa, na alikuwa na tabia ya kumwachia mgeni huyo sahani.

Hakujali nyuso. Hilo lilinishangaza kwa mtu wa kazi yake. Alisema uso hudanganya lakini uzito haudanganyi, na kwamba ukitaka kumjua mtu umtazame anavyoinuka kutoka kwenye kiti. Nikipita varandani asubuhi kwenda darasani aliniita kutoka gizani, "Leo bega la kushoto linachelewa. Umelala vibaya." Au, "Hujasoma kitu wewe. Unatembea kama mtu anayetafuta sababu ya kurudi." Na mara nyingi ilikuwa kweli, jambo lililonikera, kwa sababu nilikuwa katika umri wa kutokubali kitu chochote bila ushahidi. Niliwauliza wahadhiri maswali mpaka wakaacha kutazama upande niliokaa. Nilimuuliza mchungaji wetu. Nilimuuliza na Mzee Katuni.

"Unajuaje kama ni uzito, si kubahatisha?"

"Nabahatisha," alisema. "Halafu naangalia kama umekasirika."

Alikuwa na filamu yake mwenyewe, isiyokuwa ya mteja yeyote. Bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni anavuka kijito. Kwa miaka yote niliyokaa pale, bibi huyo aliinua mguu, akaupeleka mbele, akaushusha kuelekea kwenye jiwe, na hakuwahi kulifikia. Kila mwezi Mzee Katuni alifuta na kuanza upya mahali palepale. Nilimwambia amalizie, watu waone. Alisema mzigo wa kuni bado haujamlemea vya kutosha, na mtu asiyelemewa hashushi mguu namna ile. Nilidhani ndiyo sababu alizunguka kila siku ya soko na kamera yake, Ruiri, Kiirua, na alipokwenda kwao mpaka Ishiara, akiwapiga picha wazee: shingo, viwiko, ngozi ya chini ya macho. Aliwaomba kwa adabu. "Mzee, niazime shingo yako kidogo." Wazee walicheka, wakaikunjua kola.

Jambo moja sikulielewa kwake, na nililichokonoa kila tulipokunywa chai. Mwanasiasa mmoja alimtuma kijana na picha ya mkutano wa kampeni uliokosa watu. Walitaka uwanja ujazwe. Kwa Mzee Katuni ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Alikataa. "Hawa watu hawapo," alimwambia kijana. "Nitawatoa wapi?" Lakini wiki hiyohiyo nilimkuta akitengeneza filamu ya mazishi ya mama mmoja, ambamo mumewe aliyekufa zamani alikuwa ameketi kando yake, akigeuka, akimwekea mkono begani.

"Na huyu? Huyu yupo?"

"Huyu alikuwepo."

"Lakini hakuwahi kufanya hivyo. Mkono huo ni wako wewe."

Akazungusha chai kikombeni. "Walio hai siwezi kuwasemea, kwa sababu wana midomo. Waliokufa hawalalamiki."

Alilisema hivyo mara nyingi, tena kwa furaha, kama mtu aliyepata wateja wazuri. Waliokufa hawalalamiki. Mimi nililiona ni kisingizio na nikamwambia. Alikubali kwamba huenda ni kisingizio. Kisha akaendelea kuweka mkono begani, polepole, mpaka ukaonekana kama mkono wa mume.

Filamu hizo za mazishi ndizo zilizompa sifa kutoka Nchiru hadi Embu. Siku hizi hata mazishi ya mkulima wa kawaida huwa na hema, vipaza sauti na skrini kubwa, na familia hutaka maisha ya marehemu yaonekane. Shida ni kwamba wazazi wetu wengi wa zamani hawana picha. Kuna ile ya kitambulisho, kuna ile ya arusi ya mtu mwingine ambamo yeye ni kichwa kidogo nyuma ya keki, basi. Wengine wa kazi hiyo waliikuza picha ya kitambulisho mpaka marehemu akafanana na mtu anayetafutwa na polisi. Mzee Katuni alikuwa na njia nyingine. Swali lake la kwanza kwa familia lilikuwa moja tu: "Nani amebeba jina lake?"

Kwetu mtoto hurithi jina la mkubwa wake, na harithi jina peke yake. Kifungua mimba wa kiume hupewa la babu mzaa baba, na tangu siku hiyo huwa ndiye babu, kwa mzaha ambao si mzaha kabisa. Kwa hiyo Mzee Katuni alimwita mwenye jina, akampiga picha kila upande, na kutoka kwenye uso huo akamtoa marehemu. Alimzeesha mjukuu mpaka akawa babu. Familia zililia. Na hakuna familia iliyoona kazi kabla ya siku yenyewe. "Mtaona na wengine," alisema. "Mkiona mapema mtaanza kuniambia pua ilikuwa ndefu."

Mimi ndiye niliyebeba jina la babu. Babu alikufa wakati baba yangu bado ni mtoto, na picha yake ya pekee ilikuwa kwenye kitambulisho kilichoungua pamoja na nyumba ya kwanza. Nyanya, mkewe, aliniita mume wangu. Nikikataa ugali alisema mume wangu ananisusia. Niliposhindwa mtihani alisema mume wangu hajawahi kupenda masomo. Aliponiona na msichana sokoni Ruiri alituma watu waniulize kama nimeanza kuoa wa pili bila kumwambia. Nilikuwa nikisoma vitabu vinavyosema ukoo ni hadithi tu watu wanayojisimulia, na jioni nikiitikia kwa jina la marehemu bila kuona tatizo.

Nyanya alipofariki, baba alisema anataka mama yake aonekane na mumewe kando yake, angalau mara hiyo. Alikuwa ameona kitu cha namna hiyo kwa rafiki wa nyanya wa kanisani, mjane mmoja wa Kiirua. Mzee Katuni alikuwa amemtengenezea mjane huyo mumewe, na picha moja kutoka kwenye filamu ile ilikuwa sebuleni kwake, ndani ya fremu, juu ya redio. Mjane aliiaga akienda shambani na kuisalimu akirudi. "Tutengenezewe kama ile," baba akasema. Nikajibu mchoraji ni jirani yangu wa ploti, wa chumba cha pili.

Alinikalisha karibu na dirisha, akaondoa blanketi. "Usifikirie kamera. Fikiria umekaa na mke wako na hakuna haja ya kuongea." Nikamfikiria nyanya. Akapiga picha, akaniambia niende. Hakuniuliza nyumbani kwetu ni wapi. Tulikuwa tumekunywa chai miaka, akijua bega langu linavyochelewa, na alidhani mimi ni mtu wa hapohapo Nchiru.

Kwetu ni Ruiri, ng'ambo ya bonde kutoka kwenye josho ambamo mifugo ya pande zote mbili huogeshwa dawa ya kupe. Mzee aliyelisimamia josho hilo maisha yake yote anaishi kando yake. Ni mtu mrefu, mwenye shingo iliyopinda mbele kidogo kwa sababu ya kuinama juu ya ng'ombe, na chini ya kidevu ana mkunjo mkubwa unaoanguka kushoto. Kila mtu anamwita mzee wa josho. Kila mwanamume aliye mdogo kwake yeye humwita "kijana wangu", hata chifu.

Siku ya mazishi alikuwa katika safu ya mbele, amevaa koti. Skrini ilipowaka nyanya alitokea kwanza, kutoka kwenye video za simu zetu, akimenya maharagwe, akimfukuza kuku. Watu wakacheka vizuri. Kisha akaonekana ameketi kwenye benchi, na kando yake akatokea mwanamume, akageuka, akamtazama.

Sijui nani alianza. Nilisikia mnong'ono ukipita kwenye hema kama upepo kwenye mahindi. Wachache waliomkumbuka babu waliona si yeye, na hilo lingesameheka. Shida ni kwamba alikuwa mtu mwingine. Alikuwa na macho yangu, na chini ya macho yangu alikuwa mzee wa josho: shingo ile, mkunjo ule ukianguka kushoto. Vichwa vikaanza kugeuka kutoka kwenye skrini hadi safu ya mbele na kurudi. Mzee wa josho mwenyewe aliinua mkono akajishika kidevuni, na lingekuwa jambo la afadhali kama asingefanya hivyo.

Hesabu ya watu ilikuwa rahisi. Mchoraji amemzeesha mjukuu, na mjukuu akizeeka anakuwa mzee wa josho. Basi baba wa mjukuu ni mtoto wa nani? Na mwanamke wa kujibu swali hilo alikuwa ndani ya jeneza, mbele yetu, amefunikwa maua.

Mzee Katuni alikuwa amesimama kando ya mashine yake. Nilimtazama nikitaraji asimamishe filamu. Aliinama tu, akashughulika na waya ambao haukuwa na tatizo, mpaka nyanya na yule mtu walipomaliza kutazamana.

Baada ya hapo hakuna aliyetutukana. Ingekuwa rahisi zaidi. Watu walitusalimu kwa upole mwingi, wakatutazama kidevuni. Mzee wa josho alipokutana na baba njiani alisema, "Habari, kijana wangu," kama alivyosema siku zote, na wote wawili wakasimama pale, neno limekaa katikati yao. Jumapili iliyofuata mzee huyo alibadili njia ya kwenda kanisani. Baba alianza kufuga ndevu. Hakuwahi kuwa na ndevu. Alisema wembe unamwasha, na mama akauhifadhi wembe kabatini.

Baba mdogo ndiye aliyezungumza. Shamba la juu, lenye chemchemi, ni la baba kwa sababu yeye ndiye mkubwa. "Mambo ya lile shamba tutayakalia kikao," baba mdogo aliniambia kwa sauti ya kupangusa meza. "Si kwa ubaya."

"Baba mdogo, ile ni picha ya kompyuta. Kompyuta hubahatisha."

"Si wewe ndiye umesomea kompyuta?"

"Ndiyo."

"Na hubahatisha?"

"Sana."

"Sasa mbona haikubahatisha ikatoa uso wa chifu?"

Niliamini nilichomwambia, kila neno, na jioni hiyo nilisimama mbele ya kioo nikiinamisha shingo mbele, nikijaribu kuona kama ngozi inaelekea kushoto. Mtu aliyemdai mchungaji ushahidi alikuwa ameshika kidevu chake mwenyewe. Hiyo ndiyo aibu ambayo sikumwambia mtu. Ya watu niliibeba na familia. Hii niliibeba peke yangu.

Nilimwendea baba na njia ya kisayansi. Kuna vipimo, nikasema. Damu kidogo tu, yake na ya baba mdogo, swali liishe. Alikuwa akikamua. Hakuinua kichwa.

"Nikienda kupima, nimeshamshuku mama yangu. Jibu lolote litakalokuja litanikuta nimeshakosea."

Nikachukua ndoo ya maziwa, nikaipeleka jikoni.

Mzee Katuni alikuwa amehama. Mama wa chapati alisema amerudi kwao, Embu, na kwamba aliondoka bila kuaga, akamwachia sufuria ya githeri. Nilimpata Embu mjini, katika chumba nyuma ya duka la mshonaji. Alikuwa akitengeneza katuni za kufundisha watoto kuhesabu. Dirisha halikuwa na blanketi. Alinitazama nikiingia, na kabla sijasema kitu alisema, "Mabega yote mawili."

"Nimekuja unionyeshe," nilisema.

Hakujifanya hajui. Aliifungua ile kazi, na babu ambaye si babu akajaa kwenye skrini. Pembeni kulikuwa na tabaka za picha, moja juu ya nyingine, kama mashuka kitandani. Akazima moja, na mkunjo wa kidevu ukaondoka. Akazima nyingine, na shingo ikaondoka. Akazima ya chini ya macho, ya paji, ya masikio. Mwishowe nilibaki mimi, kijana, nimekaa dirishani Nchiru nikimfikiria nyanya.

"Kompyuta haijui kuzeesha watu wetu," alisema. "Inawazeesha kama watu waliofanya kazi ofisini. Kwa hiyo naazima. Jina linanipa macho na mfupa. Uzee nautoa kwa wazee."

"Kwa mzee wa josho."

"Nilimpiga picha siku moja akiwa kazini. Kanuni yangu ni kuazima mbali. Marehemu wa Meru nampa shingo ya Mbeere, kule kwetu. Marehemu wa Embu nampa ya kwenu. Hakuna atakayemtambua mtu." Akasugua macho. "Lakini hii ilikaa. Mwanga ulitoka upande uleule, ulivyoinama ndivyo alivyoinama. Nilijaribu shingo za kwetu zote, zikawa viraka. Hii ilikaa kama ngozi yako. Nikasema, huyu ni kijana wa Nchiru, yule ni mzee wa Ruiri, watakutana wapi?"

"Ukamwona lini yule mzee?"

"Sikujua ni Ruiri mpaka asubuhi hiyo, kazi imeshaiva. Nilimwona nilipoingia kwenye hema na spika. Alikuwa ameketi mbele, na koti."

"Na ukawasha."

"Nikawasha. Nikajiambia watamtazama bibi." Akaifuta skrini kwa kiganja. "Nyuma ya yule mzee alikuwa ameketi yule mama wa Kiirua. Na kando kuna familia nyingine, na nyingine. Kila mmoja nimemwekea mtu ukutani. Ningesema pale kwamba hii shingo si ya babu yenu, wangeniuliza nini?"

Alinipa flashi. Kazi yote imo, akasema, tabaka zote, niende nikaonyeshe. Nikairudisha mezani. Mimi ndiye mjukuu, na mimi ndiye niliyesomea kompyuta. Nani angeamini kitu nilichokibofya mwenyewe?

"Ulizoea kusema waliokufa hawalalamiki," nilimwambia.

"Nilisema."

"Nyanya angelalamika kwa nani?"

Mshonaji upande wa pili alikuwa akigombana na mteja juu ya upindo. Kisha Mzee Katuni akasema, "Jumapili."

Alikuja baada ya ibada, amevaa suruali iliyopigwa pasi, na hakukubali chai. Baba alikuwa amewaalika baba mdogo, wazee wa ukoo, na mzee wa josho, ambaye alikaa karibu na mlango. Alimwalika pia mjane wa Kiirua, kwa sababu alikuwa rafiki wa nyanya na alistahili kusikia nyanya akisafishwa jina. Sisi sote tuliona ni jambo la heshima. Mapazia yakashushwa, shuka likatundikwa ukutani, na mimi nikashika waya wa projekta.

Hakutoa hotuba. Alionyesha kwanza picha ya mzee wa josho akiwa kazini, juu ya migongo ya ng'ombe. Kisha akaonyesha yangu. Kisha akaziunganisha mbele yetu, kipande kwa kipande, akisema kila kimoja kimetoka wapi, na yule mtu wa mazishi akazaliwa tena ukutani. Halafu akamvua. "Hii shingo ni ya mzee huyu hapa. Niliichukua mimi. Haikutoka kwa kijana. Na bibi yenu hakuhusika na kitu."

Baba mdogo alitazama viatu vyake. Mzee wa josho ndiye aliyesema kwanza.

"Kwa hivyo siku hiyo mlinizika na mimi."

"Nisamehe, mzee."

"Unirudishie shingo yangu tu. Bado nina kazi nayo." Watu wakacheka, kicheko cha watu waliokuwa wameshikilia pumzi muda mrefu, na mzee akamgeukia baba. "Kijana wangu," akasema, na neno likawa jepesi tena. Baba alijikuna ndevu kama mtu anayekumbuka ameacha kitu jikoni.

Hapo ndipo nilipomwona mjane. Hakuwa amecheka. Alikuwa bado anatazama shuka, ambalo sasa halikuwa na kitu.

"Na wangu?" aliuliza.

Mzee Katuni alikuwa ameanza kufunga kompyuta. Akaacha.

"Yule aliye juu ya redio," mjane akasema. "Na wangu?"

"Macho ni yake, mama. Niliyatoa kwa mwanao."

"Na shingo?"

Baba aliinuka nusu, akataka kusema kitu kuhusu chakula. Mjane alimwashiria kwa mkono akae.

"Ni ya mzee mmoja wa Ishiara," Mzee Katuni alisema. "Anauza ndengu sokoni."

Mjane alilipokea hilo bila kubadilika uso. Nilijaribu kufikiri kama yeye mchoraji, nitazame uzito wake umekwenda wapi, lakini alikuwa ameketi wima kabisa, mikono juu ya Biblia.

"Yuko hai?"

"Alikuwa hai nilipomwona, mama. Mzima kabisa. Anapenda mzaha."

"Wangu hakuwa wa mzaha," alisema. Akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga upya, akavuta ncha zake. "Soko la Ishiara ni siku gani?"

Mzee Katuni alimwambia. Hakuna aliyecheka. Mjane aliirudia siku hiyo kwa sauti ya chini, kama mtoto anayetumwa dukani na hataki kusahau, nami nikainama chini ya meza, nikajifanya natafuta waya wa kuchomoa.